Upande wa Pili wa Kaseti ya Babu Yako

Chimala, Ijumaa alasiri

Limi mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda kuwaaga watu wa kwaya, na mimi nimeteremsha mlango wa kibanda nusu ili wateja wadhani nimefunga. Mvua inapiga bati. Mbele yangu kuna redio tatu zilizofunguliwa matumbo na simu moja iliyoingia maji ya jarubani kwenye mpunga, na zote zitasubiri. Nataka nimalize kabla hamjarudi, kwa sababu ukinikuta naandika utauliza, na ukiuliza nitasema nusu kama nilivyosema wiki iliyopita.

Sitakuandikia habari za kula wala kufua, wala jinsi ya kukaa na watu wa Kampala huko unakokwenda kwa ajili ya muziki. Hayo unayajua, na shangazi yako atakayekupokea Mwanza atakuambia tena hata kama hutaki. Pia najua ungependa nikutumie sauti kwenye simu badala ya makaratasi haya. Nimeshindwa. Nilikaa na simu mkononi, nikabonyeza, nikaachia. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini mimi na sauti za watu wa kwetu tuna jambo letu.

Wiki iliyopita uliniuliza, "Mama, wewe ulianzaje kuupenda huu muziki?" Nikakujibu kwamba nilianza na redio ya babu yako, masafa mafupi, tukacheka, ukaendelea kupanga nguo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Leo nakupa yote.

Unajua kwamba nilizaliwa Mgololo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Kiwanda kile kilikuwa na mvumo. Si kelele, Limi. Ilikuwa sauti moja ndefu, nzito, iliyokaa chini ya kila kitu. Watu waliongea juu yake, walisali juu yake, walilia msiba juu yake, na hakuna aliyesema anaisikia. Mimi nilikuwa naisikia. Nilikuwa mtoto wa miaka sita au saba, nalaza sikio kwenye ukuta na kungoja pale mvumo unapobadilika kidogo, unapanda, halafu unarudi. Mama yangu alidhani naumwa sikio, akanitia mafuta ya uvuguvugu.

Habari zilipokuja kwamba Madibira mashamba ya mpunga yanagawiwa, wazazi wangu walikubaliana kwamba Mama aende na sisi watoto akalime, na Baba abaki kiwandani mpaka mambo yakae sawa. Bibi yako hajui kusoma, unalijua hilo. Barua ya kwanza ya Baba ilisomwa na jirani, mbele ya watu waliokuja kuchota maji, na Baba alikuwa ameandika maneno ambayo mume humwandikia mkewe. Mama aliona aibu, akamtumia salamu kwamba asiandike tena. Ndipo Baba akatafuta njia nyingine. Alikuwa amenunua redio kaseti mbili zinazofanana, moja akatuachia. Akawa anaongea kwenye kaseti, anamkabidhi konda wa basi la Mafinga, kaseti inatufikia. Mama anasikiliza siku kadhaa, halafu anarekodi jibu lake juu ya maneno yale yale, anairudisha.

Zingatia hapo. Kaseti ilikuwa moja. Kila jibu lilifuta barua iliyotangulia. Hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu kila mtu alijua wiki mbili zijazo maneno mengine yatakuja.

Mimi ndiye nilikuwa mwendeshaji wa redio pale nyumbani. Nilibadilisha betri, nilizianika juani zilipochoka, nilibonyeza vitufe. Kwa hiyo kila barua ya Baba niliisikia zaidi ya mara moja. Baba alikuwa anarekodi akiwa amekaa nje ya chumba chake, na nyuma ya maneno yake kulikuwa na ule mvumo wa kiwanda. Niliukumbuka sana. Nilikuwa nasogeza sikio kwenye spika, Mama ananisukuma akisema nampunguzia sauti.

Na katika redio hiyo hiyo, Jumapili moja mchana, Mama akiwa bado kanisani na mimi nimebaki na mdogo wangu mgonjwa, nilikuwa nazungusha kitufe cha masafa nikakuta kipindi cha Kiingereza. Mtangazaji aliongea kidogo kwa sauti ya chini, kisha akaachia kitu. Mpaka leo sijui kilitengenezwa na nani. Kilikuwa mvumo, Limi. Ulikuwa mvumo kama ule wa Mgololo, lakini huu mtu alikuwa ameukusudia. Aliupandisha alipotaka, akaugawanya mara mbili, akatia juu yake kitu kama matone. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani nina ugonjwa wangu peke yangu, kumbe mahali fulani duniani kuna watu wazima wanaokaa vyumbani wakifanya kazi hiyo, na wengine wanawasikiliza.

Wewe ulizaliwa simu zikiwa zimeshaingia. Ukipenda kitu leo, kufika jioni umeshapata watu ishirini wanaokipenda, mmoja yuko Arusha, mwingine Nairobi, mnaandikiana. Mimi nilikuwa na nusu saa kwa wiki, na wiki nyingine mawingu yanakula masafa, sisikii ila mkwaruzo. Hata mkwaruzo nikawa naupenda. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilijaribu kumwonyesha rafiki yangu wa darasani, akasema redio yetu imeharibika.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na sita. Aliugua homa siku nne, na taarifa ilitufikia siku ambayo barua yake ya mwisho ya kaseti ilikuwa na siku tano ndani ya nyumba yetu. Mama alikuwa hajajibu. Kwa hiyo kaseti ikabaki na sauti yake. Mama aliifunga ndani ya kitenge akaiweka sandukuni, akawa anaitoa Jumapili moja moja akitoka ibadani. Ananiambia, "Yusta, niwekee baba yako." Nabonyeza, anasikiliza, mikono ipo mapajani. Upande wa kwanza Baba anaongea habari za wenzake, za mvua, za paa alilotaka kulirekebisha. Mkanda ulimwishia katikati ya sentensi. Anasema, "Na wewe Mama Yusta, nikwambie jambo moja..." na hapo unakatika. Unageuza upande wa pili, anaendelea dakika kama nne, anaaga. Baada ya hapo mkanda ulikuwa mtupu.

Mwaka uliofuata, mtangazaji wa kipindi changu alisema Jumapili ijayo watapiga kitu kimoja tu, kirefu, kitakachojaza nusu saa yote. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani lakini hilo nililielewa. Wiki nzima nilitafuta kaseti. Hapakuwa na duka lililouza kaseti karibu, na aliyekuwa nazo alikuwa na za nyimbo za dini ambazo asingenipa. Ikafika Jumapili, Mama akaenda kanisani, mimi nikafungua sanduku.

Nilichowaambia watu miaka yote, na ambacho hata baba yako alikisikia tulipooana, ni kwamba nilikosea upande. Kwamba nilidhani ule wa pili ni mtupu wote. Mwanangu, sikukosea. Nilijua Baba yumo mle dakika nne za mwanzo. Ningeweza kupeleka mkanda mbele mpaka alipoishia, nikarekodi kuanzia hapo. Ni kubonyeza kitufe na kuhesabu. Lakini kipindi kilikuwa cha nusu saa, na upande ulikuwa wa nusu saa, na mimi sikutaka kukosa dakika nne za mwanzo wala za mwisho. Nikajiambia ni maneno ya kuaga tu, Mama ameshayasikia. Nikaurudisha mkanda mwanzo kabisa, nikabonyeza.

Nikarekodi vizuri. Hewa ilikuwa safi siku hiyo.

Wiki mbili sikulala raha, lakini nilisikiliza kile kitu kila nilipopata nafasi, na sitakudanganya, kilikuwa kizuri. Jumapili ya tatu Mama akasema nimwekee Baba. Nilimwekea upande wa kwanza. Ulipokatika nikasimama, nikamwambia betri zimeisha. Akasema, "Hazijaisha, naona taa." Akanyoosha mkono, akaigeuza kaseti mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameshaniona mara nyingi nikifanya hivyo.

Mvumo ukaanza. Mama hakusimamisha redio. Alikaa na mikono mapajani akangoja. Nadhani alifikiri ni kiwanda, kwamba Baba amekaa kimya kidogo na ataongea. Dakika zikapita, ule muziki ukapanda, ukagawanyika, matone yakaanza. Alingoja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuweza kwenda ndani wala nje. Alisikiliza nusu saa yote, Limi, mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Ndipo akageuka akaniuliza, wala hakupandisha sauti:

"Yusta, baba yako amekwenda wapi?"

Nikamwambia nilikosea upande. Akasema, "Haya." Akaifunga kaseti kwenye kitenge akairudisha sandukuni.

Lakini kilichonivunja moyo hasa kilikuja baadaye kidogo. Nilitaka kumrudishia maneno yale. Nikafikiri, niliyasikia mara kumi na zaidi, nitamsomea, au nitamfundisha mdogo wangu aongee kama Baba. Nikakaa chini ya mti wa mlonge nyuma ya nyumba na kujaribu kukumbuka. Sikukumbuka hata neno moja. Nilikumbuka mvumo. Nilijua mahali ulipopanda, mahali lori lilipopita nyuma, mahali redio yenyewe ilipotetemeka. Baba yangu aliongea dakika nne za mwisho za maneno yake kwetu, na mimi nilikuwa nasikiliza kilichokuwa nyuma yake.

Nikamfuata Mama jikoni, nikamuuliza Baba alisema nini pale. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Akasema, "Hayo yalikuwa yangu." Sikuuliza tena.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi redio. Watu hudhani nilipenda waya. Nilikwenda Iringa mjini kwa sababu nilisikia kuna mzee fundi anayeweza kutoa chochote ndani ya kanda. Nilipomaliza kidato cha nne nilimwomba Mama kaseti, akanipa bila kuniuliza, nikapanda basi. Yule mzee alivaa miwani, akasikiliza pande zote mbili, akafungua redio yake akanionyesha kipande kidogo cha chuma mbele ya kile kinachorekodi. Akasema kazi ya hicho ni kufuta kwanza, halafu kingine kinaandika. "Chini yake hakuna kitu, binti. Si rangi hii kwamba utakwangua." Nililia palepale mbele ya wateja. Alinipa kiti. Baadaye akaniuliza kama nataka kujua sehemu nyingine za redio zinafanyaje kazi, maana nimeshaijua sehemu moja. Nikakaa kwake miaka miwili.

Kwa nini nakuandikia haya siku ya mwisho? Si ili uogope kupenda. Nimewaona wazazi wanaowapunguza watoto wao siku ya safari, wanawaambia wasizidishe hiki, wasizidishe kile. Mimi sikuambii upende kidogo. Ule muziki haukunikosea. Nusu saa ile ya Jumapili ndiyo iliyoniambia kwamba sikuwa mgonjwa, na bila hiyo sijui ningekuwa mtu gani. Lakini nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kwa kuwa nasikia vitu ambavyo wengine hawasikii, basi ninasikia zaidi yao. Ndipo kosa lilipoingilia. Wenye mapenzi kama yetu tuna kiburi cha aina yake, mwanangu. Kinajificha vizuri kwa sababu kinafanana na masikio mazuri.

Kiliendelea kuniharibu hata baada ya hapo, maana mtu hajifunzi mara moja. Baba yako alipokuja mara ya kwanza hapa kibandani, baada ya mimi kuhamia Chimala, alileta redio iliyokanyagwa na ndama. Kijana mrefu wa Kisukuma ametoka bondeni Usangu na fimbo yake, ananisalimia kwa heshima kama nina miaka sitini. Nilikuwa nimeweka kanda zangu za ajabu. Akaniuliza, "Dada, hiyo ni nini?" Nikamjibu kwa dharau kwamba ni muziki, hata kama yeye hataujua. Hakukasirika. Akaketi kwenye lile benchi, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema inafanana na mashine ya kukoboa kabla mpunga haujamiminwa. Nilitaka kucheka, kisha nikaona kwamba ni sahihi kabisa. Watu waliosoma wameandika kurasa juu ya muziki ule, na hakuna aliyeusema vizuri kama yeye.

Nilipomuoa, au aliponioa, aliingia na kanda zake za nyimbo za wacheza ngoma wa kwao, na mwenyewe alikuwa anaimba. Aliimba akinoa panga, aliimba akinawa. Mimi nilikuwa namwambia apunguze, nasikiliza. Apunguze, nasikiliza. Mwaka wa pili nikagundua nyumba imekuwa kimya. Alikuwa ameacha kuimba ndani, anaimbia machungani. Nilipomuuliza alisema, "Si uliniambia unasikiliza?" Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kuelewa nilichofanya. Ilibidi nimwombe. Ukamjua wewe akiwa anaimba tena, ukadhani ndivyo alivyokuwa siku zote.

Na wewe nilikukosea, ingawa tumelizungumza kwa mzaha tu.

Unajua furaha uliyoniletea ulipopata simu yako ya kwanza? Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na mapenzi yasiyo na mwenzake. Halafu mtoto wangu mwenyewe, ana miaka kumi na minne, ananiwekea hedifoni kichwani na kusema, "Mama sikiliza hii, imepinda." Ukanionyesha vijana wanaotengeneza muziki chumbani bila kampuni wala meneja, mwingine anapiga ngoma za kwao halafu anazikatakata mpaka zinakuwa mvua ya mawe, mwingine anaimba kwa sauti ya kuamsha mtoto juu ya besi ya kubomoa ukuta. Ukaniingiza kwenye kundi lenu la kwenye simu, mkaniita Mama Fundi. Nilikuwa nachomea waya huku natabasamu peke yangu, wateja wakadhani nimepata habari njema. Nilikuwa nimeipata.

Kisha ukanichezea kitu chako mwenyewe. Ulirekodi mashine ya mpunga ya hapa stendi, mkanda wake ukipigapiga, ukaipanga dakika nane. Uliketi kwenye benchi alipoketi baba yako zamani, magoti yamebanana. Na mimi, kabla hata haijafika mwisho, niliinua mkono nikasema ni nzuri, lakini kuna watu walishafanya hivi zamani na walifanya vizuri zaidi. Nikaanza kutafuta kwenye simu nikuonyeshe. Ukasema, "Sawa Mama," ukachomoa waya.

Hukunichezea kitu tena miezi minane. Nilihesabu. Niliona unafunga kompyuta nikipita. Sikusema, nikingoja wewe uanze, kama kwamba aliyekosa ni wewe.

Ikaja siku ile kwenye kundi, msimamizi wenu wa Kampala alipoweka ngoma moja, muziki usio na jina la aliyeutengeneza, akasema ni ya mtu wa kusini mwa Tanzania ambaye hataki kutajwa. Niliisikiliza hapa kibandani mara tatu mfululizo. Kulikuwa na maji yanayopita mahali pembamba, yanajazana, yanaachiwa, na juu yake sauti moja ndogo isiyokatika. Niliandika maneno marefu ambayo sijawahi kumwandikia mtu. Niliandika kwamba aliyetengeneza hii anajua kungoja. Jioni ukaingia na maziwa, ukayaweka mezani, ukasema, "Asante kwa maneno yako, Mama Fundi."

Nilijua papo hapo. Na ulipoongeza kwamba yale ni maji ya mifereji ya Madibira, kwenye lango la jaruba za Bibi, nilitaka ardhi inifunike. Nilikulia pale. Niliyafungua yale malango kwa mikono yangu asubuhi nyingi. Nilimsifu mgeni kwa kile nilichomnyima mwanangu, na sikutambua hata maji ya nyumbani. Ulicheka, nami nikacheka, lakini ulipotoka nilikaa muda mrefu bila kushika kazi. Naomba radhi, Limi. Nilipaswa kusema hivyo siku ile. Wewe ulikuwa na haki ya kusikilizwa mpaka mwisho kwanza, kama mtu yeyote.

Sasa nikuambie la Jumapili iliyopita, maana uliniona.

Tulipokwenda Madibira umuage Bibi, wewe ulikwenda na binamu zako mferejini, na uliporudi ulitukuta nyuma ya nyumba tumekaa kwenye mkeka mmoja, Bibi amenishika kifundo cha mkono. Ukauliza kuna nini, Bibi akasema tunaota jua. Nilikuwa nimemwambia ukweli. Nilikuwa nimeamka asubuhi ile nikijua kwamba mwanangu anaondoka kwa ajili ya muziki, na kwamba sitaweza kukubariki vizuri nikiwa na uongo ule tumboni. Nilimwambia, "Mama, ile kaseti sikukosea upande. Nilijua Baba yumo."

Bibi alikuwa anachambua maharage. Alichambua mengine mawili matatu. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Wewe hujawahi kukosea kitu chochote kwenye redio."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alinikasirikia sana. Alisema alikasirika miaka mitatu, akiniona ninakula alikasirika, akiniona nimelala alikasirika, na kwamba alikubali niende Iringa kwa sababu alitaka kupumzika kuniangalia. Niliyasikia hayo yote, Limi. Sikuyakatiza. Kisha akasema nilirudi kutoka Iringa nikiwa nimekonda, nimejua kutengeneza redio, na jirani wa kwanza niliyemtengenezea alikuja kumshukuru yeye, akimwambia amezaa mtoto mwenye mikono. Alisema hasira iliondoka wiki ile wala hakuiona ikitoka.

Nikasema naomba kitu kimoja. Nikamuuliza tena, baada ya miaka yote hii, Baba alisema nini.

Alinitazama akacheka, mzee yule, akaficha mdomo na kiganja kama msichana. Akasema, "Aliniambia mimi." Na hapo akanishika mkono, ndipo wewe ukatokea.

Nimelifikiri sana wiki hii. Nilikuwa nadhani kuna shimo ambalo nililichimba mimi na kwamba maisha ya mama yangu yamezunguka shimo hilo. Kumbe yeye hakupoteza. Alikuwa anasikiliza maneno wakati mimi nasikiliza mvumo, kwa hiyo anayo. Aliyepoteza ni mimi. Ni hasara ya mtu mmoja, na nimeibeba, na si nzito kama nilivyodhani.

Utakutana na watu Kampala waliosikia vitu vingi kuliko wewe. Wengine watainua mkono kabla ngoma yako haijaisha. Usiwachukie sana, ninawajua, ni watu waliokaa peke yao muda mrefu na kitu wanachokipenda. Lakini ngoma yako iache icheze mpaka mwisho. Na ukimkuta mwenye nyumba anaimba akifagia, au dereva ameweka wimbo ambao sisi kwenye kundi tungeucheka, mpe dakika zake. Huenda hutaupenda. Mimi nyimbo za baba yako nilichukua miaka kuzipenda, na moja mpaka sasa bado.

Na ukirekodi watu, mwanangu, wasikilize wanasema nini kwanza. Mvumo utausikia tu, masikio yako ni yangu.

Mvua imepungua na nasikia watu wa kwaya wanaimba kule barabarani, nadhani wanawasindikiza. Nitaiweka barua hii ndani ya boksi la hedifoni, hutaifungua kabla ya Dodoma. Jambo la mwisho ni la baba yako, na aliniomba nisikuambie, kwa hiyo usimwambie kwamba nimekuambia. Juzi alikuja hapa kibandani na ile redio yake ndogo ya memori kadi anayochungia. Alitaka nimwekee ngoma zako, zote. Nikamwambia, "Baba Limi, wewe huu muziki huupendi." Akasema, "Siupendi. Ni wa mtoto wangu, nitauzoea." Nikamwekea zote kumi na moja. Leo asubuhi alirudi kutoka machungani akaninong'oneza kwamba amefika ya nne, na kwamba ng'ombe wamekubali tatu.

Nenda salama, Limi wangu.

Mama yako,
Yusta